Sauti Isiyo na Uso: Tuzungumze Namna Gani na Watu Tusiowajua Katika Simu?

Mazungumzo ya redio juu ya amani, kwa wakaaji wa Kadutu na jamaa zilizokimbilia Bukavu

  

Leo tunataka kuzungumza juu ya sauti. Si sauti ya redio hii, bali ile inayoingia katika simu yako: mtu usiyemjua anakuita kwa WhatsApp, au anazungumza katika kikundi chenye watu mia, au anawakusanya vijana usiku katika mazungumzo ya Telegram na TikTok. Humwoni uso. Hujui amekaa wapi. Unasikia sauti tu, na mara nyingi ni sauti tamu, yenye kusema lugha yako na kukuita mama, baba au ndugu.

Pengine mtu atauliza: kwa nini usituambie tu tusizungumze na wageni, mambo yakaisha? Ndugu yangu, hayo hayawezekani. Aliyekimbia anaishi kwa msaada wa watu asiowajua. Kwa njia ya simu anapata habari ya barabara, anajua soko la kwao limefunguliwa ao bado, anamtafuta mtoto aliyepotea njiani. Mwezi wa pili 2025, wakati vita vilipofika Kavumu na kuingia Bukavu, jamaa nyingi zilitengana kwa siku moja tu, na simu ndiyo iliyowaunganisha tena wengine. Kufunga simu si dawa. Dawa ni kujua namna ya kuitumia.

Tuanze na mambo ya zamani, kwa sababu wazee wetu walikuwa na akili katika jambo hili. Mnakumbuka foni? Kabla ya simu za mkono kufika, mtu wa Bukavu aliyetaka kusema na ndugu yake wa Shabunda alikwenda pale penye foni, labda kwenye parokia, kwenye shirika ao kwa mfanya biashara. Alingoja zamu yake, kisha akasema, akanyamaza, mwenzake akajibu. Na kila mtu aliyefungua foni yake kwenye mawimbi yale yale alisikia yote. Mzee aliyesema katika foni alilijua jambo hilo. Kwa hiyo hakutaja kiasi cha franga alichotuma, wala njia atakayopita. Alisema, «Ule mzigo unakuja pamoja na yule kijana,» na ndugu yake akafahamu.

Simu ya leo inatudanganya kwa jambo moja: inakaa sikioni, tunadhani tuko wawili peke yetu. Ni kweli kwamba mazungumzo ya WhatsApp yanafungwa kwa ufunguo, mtu wa katikati asiweze kuyasikia. Lakini ufunguo huo haukulindi na yule unayesema naye. Yeye anaweza kurekodi, anaweza kuweka simu yake mezani watu kumi wakasikia, na kesho akatuma maneno yako kwa elfu nyingine. Katika kikundi, wenzako wanaweza kuona namba yako hata bila wewe kuwapa. Na tangu mwaka 2023 WhatsApp imeleta mazungumzo ya sauti katika vikundi vikubwa, ambapo wengi wanaingia na kutoka bila kengele kulia. Basi shauri letu la kwanza ni hili: sema katika simu kama wazee walivyosema katika foni. Uhesabu kwamba kuna masikio mengine.

Sasa tuone hatari zenyewe. Ziko tatu, na kila moja ina mlango wake wa kuingilia.

Hatari ya kwanza ni maswali madogo madogo. Sauti ya upole inakuita: «Pole mama kwa shida. Mlitoka Minova? Mko wangapi? Mzee yuko pamoja nanyi? Mnalala kwa nani hapo Kadutu? Na wale jirani zenu wa kijijini, wao walikwenda wapi?» Angalia maswali hayo. Hakuna moja linaloonekana baya. Lakini uyaunganishe: mtu huyo amejua nyumba, idadi ya watu, kama kuna mwanaume, na mahali pa kuwapata jirani zako. Umemchorea ramani. Kama ni mtu wa msaada, anaweza kuja kwa shefu wa avenyu mchana, watu wakimwona. Kama ni mwizi, ao mtu mwenye kisasi, umemfungulia mlango.

Kwa hiyo tuweke mipaka. Kwa mtu usiyemjua, usitaje nyumba unayolala, usitaje saa unayotoka na njia unayopita, usitaje wanaume na vijana wa jamaa yako wako wapi. Wala usitaje mambo ya mtu mwingine: kabila lake, kazi aliyofanya zamani, watoto wake. Mambo yako ni yako, unaweza kuyatoa. Mambo ya jirani si yako. Na mtu akizidi kuuliza, si dharau kumjibu: «Ndugu, mambo hayo tunazungumza tukionana, mbele ya shefu.» Mwenye nia njema atakubali. Mwenye haraka na hasira amekwisha kujionyesha.

Hatari ya pili ni sauti ya ahadi na sauti ya machozi. Sauti ya ahadi inasema kuna kazi nzuri Bujumbura, Kampala ao katika nchi za Waarabu, njia imekwisha kulipwa, binti aje peke yake, asimwambie mtu kwanza. Neno «asimwambie mtu» ndilo la kushika. Kazi ya haki haiogopi wazazi. Wazazi, msiwapige wala kuwatukana binti zenu kwa sababu wamezungumza na mgeni. Akiogopa kipigo, atawaficha, na mtego utafungwa mkiwa nyumba moja. Mwambieni: ukiombwa siri, uje utuambie, hatutakasirika. Vilevile kijana akiombwa picha ya mwili wake, ajue kwamba picha hiyo itarudi kumdai franga. Akiisha kuituma na kutishwa, asilipe. Akilipa mara moja, ataombwa tena. Avunje mazungumzo, ahifadhi ushuhuda, amwambie mtu mzima anayemwamini.

Sauti ya machozi ni mbaya zaidi, kwani inatumia huzuni yetu. Mama ametangaza katika kikundi: «Namtafuta mwanangu, ana miaka tisa, jina lake hili, alivaa shati la kijani, tulipotezana njia ya Kavumu.» Baada ya saa moja simu inalia: «Mama, mtoto niko naye. Ana homa. Tuma franga kwa M-Pesa ao Airtel Money tununue dawa.» Mama gani hatatuma? Na kila neno alilosikia ni lile alilolitangaza yeye mwenyewe.

Sikilizeni shauri hili, mama zangu. Unapotangaza mtoto, ubakize alama moja moyoni. Pengine ni kovu la goti, jina la utani ambalo bibi yake alimwita, ao wimbo wa kumlaza. Usiiandike, usiiseme katika kikundi. Mtu akikuita, mwulize hiyo. Mwombe amweke mtoto kwenye simu. Akisema mtoto amelala, mwambie utangoja. Kisha mwombe ampeleke kwa Croix-Rouge, ao parokia, ao kwa shefu wa mahali pale, nawe upige simu huko. Croix-Rouge ya nchi yetu pamoja na CICR wana kazi ya kuwaunganisha watu waliotengana na vita, na kazi hiyo hailipishwi. Mtu yeyote anayeomba franga kwa jina lao ni mwongo.

Kuna jambo jipya tena. Siku hizi mashine zinaweza kuiga sauti ya mtu. Zikipata sekunde chache za sauti yako, zinatengeneza maneno usiyoyasema kamwe. Kwa hiyo hata sauti ya mume, ya mchungaji ao ya mtoto wako, ikija kwa namba mpya na kuomba franga usiku, usiiamini kwa sababu ya sauti tu. Kata simu, piga ile namba ya zamani unayoijua. Na kila jamaa ichague neno moja la siri, neno la nyumbani lisilotajwa mbele ya watu. Asiyelijua, hata akilia kama ndugu yako, si ndugu yako mpaka ushuhuda upatikane.

Hatari ya tatu ndiyo inayotugusa sisi sote, nayo ni sauti ya chuki. Inaingia usiku, mara nyingi bila jina: «Ndugu zangu, amkeni! Watu wa kabila fulani wamepewa silaha. Usiku huu wanashuka Kadutu. Peleka habari hii kwa vikundi vyote.» Sauti inatetemeka, nyuma yake kuna kelele kama risasi. Kabla ya asubuhi imepita Ibanda na Bagira, na vijana wameweka mawe barabarani wakingoja kumpiga mtu wa kwanza mwenye sura wasiyoipenda. Akifa mtu huyo asiye na kosa, nani ataulizwa? Mwenye sauti hajulikani. Atakayelia ni mjane wa avenyu yako.

Tusifikiri kwamba ni maneno tu. Nchi jirani ya Rwanda, kati ya mwaka 1993 na 1994, redio iliyoitwa RTLM iliita watu mende na kuwachochea wengine wawaue. Wazee wa Bukavu walijionea matokeo yake, wakimbizi walipojaa mji mzima mwezi wa saba 1994. Mwaka 2003, mahakama ya kimataifa huko Arusha iliwapata na hatia watu watatu wa redio hiyo na wa gazeti moja. Wakati ule, kueneza sauti kulihitaji antena na mashine kubwa. Leo kila mmoja wetu ana redio yake mfukoni, na akibonyeza kidole amekuwa mtangazaji. Basi na hatia ya mtangazaji inamhusu.

Na ukumbuke kwamba wengine wanaosema kwa ukali katika vikundi vyetu wako mbali. Mmoja yuko Brussels, mwingine Kanada. Anasema «piganeni, msiwaache,» kisha anafunga simu na kulala katika kitanda chake. Wewe ndiye utakayeamka Kadutu, na jirani uliyemtukana ndiye utakayekutana naye kwenye bomba la maji.

Lakini hapa tuwe na busara, kwani hatari ya kweli inaweza pia kutangazwa kwa sauti. Tarehe 27 mwezi wa pili 2025, mabomu yalilipuka katika mkutano kwenye uwanja wa Indépendance, watu wakafa. Tahadhari ya siku kama hiyo si uvumi, na mtu hawezi kuwaambia wengine wakae tu. Lakini siku ile ile pande za vita zilishutumiana, kila mmoja akisema ni mwenzake. Katikati ya mashutumu kama hayo, raia asiye na ushuhuda akisema «mimi najua ni kabila gani,» anaongeza moto. Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili. Kujikinga, fanya mara moja: ingiza watoto ndani, usikae barabarani. Kueneza, ngoja kwanza.

Na wakati unapongoja, uulize maswali manne. La kwanza: aliyesema ni nani, na ameona kwa macho yake ao ameambiwa? La pili: ni mahali gani hasa, avenyu gani? «Huku kwetu» si mahali. La tatu: ni lini? Sauti nyingi za vita ni za zamani, zinatolewa tena kama mpya. La nne: je, nina mtu ninayemjua karibu na pale, nimpigie simu? Kama hakuna jibu kwa maswali hayo, habari isipite kwako. Ipelekee shefu wa avenyu kwa mdomo, yeye aulize wenzake, kisha ife.

Njia hiyo si ndoto. Huko Kenya, katika bonde la mto Tana, Wapokomo na Waorma walipigana kati ya mwezi wa nane 2012 na mwezi wa kwanza 2013, na zaidi ya watu mia moja wakafa. Uvumi ulikuwa umechangia kuwatia hofu pande zote mbili. Baadaye shirika la Sentinel Project, toka Kanada, lilianzisha huko kazi iliyoitwa Una Hakika. Mtu akisikia neno la kutisha, alituma ujumbe kuuliza. Watu wa kujitolea katika vijiji walikwenda kuangalia, kisha jibu lilirudishwa: ni kweli, si kweli, ao bado tunachunguza. Ona kwamba hawakuwakataza watu kuzungumza. Waliweka mtu anayejulikana kati ya sauti na hofu.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Katika vijiji vyetu mgeni hakuingia tu na kuketi. Alifika kwa shefu, akaulizwa: umetoka wapi, nani anakujua hapa? Akimtaja mtu, mtu huyo aliitwa kushuhudia. Hakufukuzwa, lakini hakupewa kitanda kabla ya kujulikana. Sauti ya simu nayo ni mgeni. Ipite mlango ule ule. Ikikuita, uliza: «Nani anakujua hapa kwetu?» Kisha umpigie huyo shahidi wewe mwenyewe, kwa namba unayoijua wewe, si kwa namba anayokupa yeye.

Tupite sasa kwa sheria, kwa kifupi. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 31, inasema kila mtu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya siri, na siri ya barua na ya simu yake. Kwa hiyo mtu anayerekodi maneno ya jirani na kuyatangaza asidhani anacheza. Sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu maneno ya chuki ya rangi na ya kabila. Tena sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, katika kifungu cha 360, inamwadhibu anayeanzisha ao anayepitisha habari ya uongo juu ya mtu kwa njia ya mitandao: kifungo cha mwezi mmoja hadi sita, ao faini ya franga 500.000 hadi 1.000.000, ao vyote viwili. Mmesikia neno «anayepitisha». Kusema «mimi nilituma tu kama nilivyopokea» si kinga.

Kwenu viongozi, tuna maombi matatu. Mkiongoza kikundi cha avenyu katika simu, mjue kila namba iliyomo ni ya nani, isiyojulikana itolewe. Sauti ya chuki ikiingia, msimjibu mwenyewe kwa matusi. Ifuteni, waambieni watu kwa nini, na mwite mwenye kuituma faragha. Na mtu akituhumiwa kwa sababu ya sauti fulani, msikubali vijana wamhukumu barabarani, kwani sasa mmesikia kwamba hata sauti inaweza kutengenezwa. Msiwalazimishe watu kufungua simu zao mbele yenu. Shefu anayepekua simu za raia anawafundisha kumficha mambo, na siku ya hatari ya kweli hawatamwambia.

Kwa kila mwenye simu, fanya kazi hizi leo. Mwombe kijana unayemwamini akuonyeshe mahali pa kuchagua nani anaweza kukuingiza katika vikundi. Weka wale unaowajua tu. Aweke simu inyamaze kwa namba usizozijua. Weka namba ya siri ya pili katika WhatsApp. Usimpe mtu yeyote zile tarakimu sita zinazokuja kwa ujumbe, hata akisema ni za msaada wa chakula, kwani kwa hizo atachukua WhatsApp yako na kusema kwa jina lako. Usitume ramani ya mahali ulipo. Na sauti za vita zisikae katika simu yako: ukipita barieri, hakuna atakayeuliza kama ulizipenda ao ulitumiwa tu. Lakini mtu akikutisha wewe, usiufute ujumbe kabla ya kuuonyesha kwa mtu wa sheria ao kiongozi unayemwamini. Kama ni hatari kuubeba, mpe yeye auhifadhi.

Wapenzi wasikilizaji, wazee wanasema ulimi hauna mfupa. Haufungwi na kitu, isipokuwa mwenye nao aufunge mwenyewe. Jioni hii, kabla ya kulala, kaeni na jamaa yenu dakika kumi. Chagueni lile neno la siri la nyumbani. Semeni ni nani atakayepigiwa simu kwanza mtu akisikia habari mbaya. Mama uliyepokewa kwa jirani, umfundishe pia mwenyeji wako, kwani nyumba ni moja na hatari ni moja.

Maulizo yenu mpeleke kwa shefu wa avenyu ao mwalimu aliye karibu, yatatufikia. Kaeni na amani.